Kupiga na kupika: mwongozo kamili wa CT ya kifua

Nianze na kisa kilichonifundisha hii kazi kuliko darasa lolote. Miaka yangu ya mwanzo kazini alikuja mzee mmoja mchimbaji, kifua kimeliwa na vumbi, kapanda mabasi mawili kutufikia. Tukampiga CT (ile eksirei inayozunguka mwili), tukatengeneza slaisi, yaani vipande vya picha, za unene wa milimita 5, tukachoma CD, tukamwambia safari njema mzee. Wiki mbili baadae daktari bingwa anapiga simu, anataka slaisi nyembamba, kuna kadoa kwenye pafu la kulia na hajui kama ni kadoa kweli au ni mshipa tu umekatwa njiani. Nikakimbilia mashine kutafuta data ghafi, wapi, ilishajifuta yenyewe siku nyingi kupisha wagonjwa wengine. Mzee akarudi na mabasi yale yale mawili, akala mionzi mara ya pili, kisa mimi sikubonyeza kitu ambacho kisingenichukua hata dakika 2.

Toka siku hiyo nawaambia vijana wanaokuja field kwamba CT ina kazi mbili, kuna kupiga na kuna kupika. Kupiga ni pale mionzi inapita kwa mgonjwa na detekta inakusanya data, hiyo ni sokoni. Kupika ni pale kompyuta inageuza ile data ghafi kuwa picha, unachagua unene wa slaisi, keneli (picha iwe kali au laini), kiasi cha kusafisha chenga (zile nukta nukta za kwenye picha), hiyo ni jikoni. Ukinunua samaki aliyeoza hakuna pilipili itakayomuokoa, lakini pia unaweza kununua samaki mzuri kabisa ukamuunguza. Makosa ya sokoni na makosa ya jikoni yanafanana sana kwa macho, yote yanatoa picha mbaya, ila dawa yake ni tofauti kabisa, moja inahitaji mgonjwa arudi mezani na nyingine inahitaji wewe urudi kwenye kompyuta tu. Ndio maana naandika hii kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: mgonjwa kabla ya kompyuta

Mikono juu ya kichwa. Najua mgonjwa mwenye bega bovu atalalamika, weka mto, weka shuka lililokunjwa, msaidie, lakini mikono ikibaki pembeni ya kifua utapata mistari mistari imekatiza mapafu, na mashine itapandisha mionzi kupita kwenye mifupa ya mikono ambayo hata hukuiomba. Toa sidiria yenye waya, cheni, hirizi (uliza kwa heshima, wengine hawatoi, basi isogeze tu itoke nje ya eneo), na zile elektrodi za ECG (vibandiko vya kupimia moyo) kama hazina ulazima.

Alafu katikati. Hapa ndipo watu wengi wanakosea na hawajui kama wanakosea. Taa za leza sio mapambo. Mgonjwa lazima awe katikati ya gantri, ile pete kubwa ya mashine, sio kushoto kulia tu, hata juu na chini. Tyubu inayotoa mionzi ina filta yenye umbo la boutai, nyembamba katikati na nene pembeni, imetengenezwa kwa kudhani kwamba mtu yuko katikati kabisa. Ukimshusha chini au kumpandisha juu ile filta inakata mionzi sehemu isiyo yake, unaongeza chenga upande mmoja na mionzi ya bure upande mwingine. Na kuna la pili, skauti, ile picha ya mwanzo ya kupangia. Mashine inatumia skauti kukisia unene wa mtu, sasa mtu akiwa karibu na tyubu wakati wa skauti kivuli chake kinakua, mashine inamuona bonge, inapandisha umeme. Akiwa mbali inamuona mwembamba, inashusha, unapata chenga kibao unabaki kulaumu mashine. Inchi mbili tatu tu za meza.

Pumzi sasa. Kama mashine yako inaongea Kiingereza cha mzungu wa kwenye rekodi, "breathe in, hold your breath", na mgonjwa wako ni bibi kutoka kijijini, usitegemee miujiza. Mashine nyingi zinakuruhusu kurekodi sauti yako mwenyewe, rekodi Kiswahili, taratibu: "Vuta pumzi ndani... bana... usiachie." Na acha sekunde 3 au 4 kati ya "bana" na kuanza kupiga maana mtu mzima hatii amri kwa spidi ya kompyuta. Mgonjwa asiyejua Kiswahili mwite ndugu yake amfundishe kwanza nje. Na kufundisha ni kabla ya kumlaza: "Shikamoo bibi, leo nitakuomba ubane pumzi kidogo tu, tujaribu wote", fanyeni mara mbili, muangalie tumbo lake. Nakuhakikishia hizo dakika mbili zinafanya kazi kuliko setingi yoyote nitakayoitaja huko chini. Pafu lisilojaa hewa linakuwa jeupe jeupe chini na nyuma, na mtu anaweza kuandika ripoti ya ugonjwa ambao haupo.

Hatua ya 2: eneo

Kuanzia juu kidogo ya ncha za mapafu mpaka kona za chini kabisa pembeni ya diaframu. Kama ni saratani inafuatiliwa utashuka mpaka kwenye tezi za adreno. Basi. Tabia ya kuongeza sentimita 5 juu na 5 chini "kwa usalama" unaunguza tezi ya shingo na ini bila sababu. Hesabu ndogo: mashine ikikuonyesha CTDIvol (kipimo cha mionzi ya mashine) ya mGy 8 na umepiga urefu wa sentimita 35, DLP (mionzi hiyo mara urefu) ni 280. Zidisha na 0.014 ambayo ndio namba ya kifua unapata kama mSv 3.9, hicho ndio kipimo cha mionzi kwa mwili mzima. Eksirei moja ya kifua ya mbele ni kama mSv 0.02, kwa hiyo hapo umempa mtu karibu eksirei 200 kwa mkupuo. Ukiongeza zile sentimita 10 za "usalama" unapita mSv 5.

Hatua ya 3: kV na mAs, au bei ya chenga

Chenga ni zile nukta nukta kama TV ya zamani antena ikiyumba. Zinatokana na uchache wa mionzi inayofika kwenye detekta, na kanuni yake haina huruma: ukikata mAs (umeme wa tyubu mara muda) nusu, mionzi inapungua nusu lakini chenga zinapanda kama asilimia 40. Ukitaka chenga zipungue nusu lazima mionzi uizidishe mara 4. Kwa hiyo kila ukipata hamu ya "kupandisha kidogo picha ing'ae" jua unalipa kwa bei hiyo, na anayelipa ni mgonjwa.

Habari njema ni kwamba kifua ndio sehemu rahisi kuliko zote. Mapafu ni hewa tupu, namba zake ziko kama -700 mpaka -900 kwenye kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0 na hewa ni -1000, mishipa iko karibu 40, hiyo tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata picha yenye chenga bado kidoa kinaonekana. Ndio maana Marekani kwenye uchunguzi wa saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara wanaruhusu mwisho CTDIvol ya 3 kwa mtu wa saizi ya kawaida, ambayo kwa urefu ule ule wa sentimita 35 ni kama mSv 1.5. Swali ni nini unatafuta. Kidoa kwenye pafu, shusha. Matezi katikati ya kifua, ukuta wa kifua, hapo usishushe kijinga maana nyama kwa nyama tofauti yake ni ndogo, chenga zinaimeza.

(Huyo Hounsfield, kwa wasiomjua, ni injinia wa Uingereza aliyepiga CT ya kwanza ya mgonjwa London mwaka 1971. Nobel ya 1979 aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kufikiria hizo hesabu akiwa Cape Town. Sisi Waafrika tuna mkono wetu humo.)

kV, yaani nguvu ya kusukuma mionzi: 120 ndio ya mazoea na watu wengi hawaigusi toka mashine ifungwe. Mgonjwa mwembamba, tuseme chini ya kilo 70, hasa kama umemchoma dawa (ile ya iodini ya kung'arisha mishipa), jaribu 100. Mengine yote yakibaki vile vile mionzi inashuka kama theluthi au zaidi, na iodini inang'aa zaidi kwenye kV ndogo, kwa hiyo unapunguza mionzi na mishipa inapendeza. Watoto ni 80 au 100, usimpige mtoto kwa protokoli (mpangilio wa setingi) ya mtu mzima hata siku moja. Bonge mwenye mabega makubwa muache 120.

Sasa mionzi ya kujirekebisha yenyewe, ile ambayo mashine inapanda kwenye mabega na kushuka kwenye mapafu. Iwashe siku zote, lakini ielewe mashine yako, maana lugha zao zinapishana. Kwenye GE unaipa kiwango cha chenga unachokubali, ukipandisha namba picha inachafuka na mionzi inashuka. Kwenye Siemens unaipa mAs ya marejeo, ukipandisha namba mionzi inapanda. Nimeona mtu kahamia kutoka mashine moja kwenda nyingine anapandisha namba akidhani anaokoa mgonjwa. Na GE ina mtego mwingine, ile namba ya chenga inasoma unene wa rikoni (seti ya picha zilizopikwa) ya KWANZA uliyoiandika kwenye protokoli. Ukiweka rikoni ya kwanza milimita 1.25 na namba iliyopangwa kwa milimita 5, mashine itajitahidi picha nyembamba iwe safi kama nene, umeme unapaa mpaka dari. Acha rikoni ya kwanza iwe ile nene, nyembamba iwe ya pili. Ni kitu kidogo hivyo.

Hatua ya 4: kasi

Hapa ni vita kati ya pumzi ya mgonjwa na unene wa slaisi. Chukua mashine ya slaisi 16, ambazo bado zipo nyingi huku kwetu. Ukiweka kolimesheni (upana wa mwale) ya milimita 20, pichi (meza inasogea mara ngapi ya upana huo kwa mzunguko mmoja) 1.375 na mzunguko wa nusu sekunde, meza inatembea milimita 55 kwa sekunde, kifua cha sentimita 35 kinaisha ndani ya sekunde 6 na kitu. Ukichagua kolimesheni ya milimita 10 upate slaisi nyembamba zaidi, kifua kile kile kinachukua karibu sekunde 13. Kijana mzima hiyo ni kawaida, lakini mgonjwa wa TB anayekohoa, mzee wa moyo, hawezi. Mimi kwa mtu anayehema nachagua haraka bila kujiuliza mara mbili, slaisi ya 1.25 iliyotulia inaishinda ya 0.625 iliyotikisika. Ukiona mpaka kati ya vipande vya pafu umekuwa mistari miwili, au mshipa una kivuli pacha karibu na moyo, hiyo ni mtikisiko, usiandike ni ugonjwa.

Mtu asiyeweza kubana kabisa piga kuanzia chini kwenda juu. Sehemu ya chini ndio inacheza zaidi na pumzi, ipate mwanzo wakati bado ana nguvu, juu huku hata akiachia haiharibiki sana.

Hatua ya 5: kama kuna dawa

Nitapita haraka. Kwa donge la damu kwenye mapafu unahitaji kanula ya kijani ya 18 kwenye kiwiko, mkono wa kulia ukiweza, kasi ya mililita 4 mpaka 5 kwa sekunde, na maji ya chumvi ya kusukuma nyuma. Bila hayo ya kusukuma, dawa inabaki imejazana kwenye mshipa mkubwa wa juu inatupa miale inayofunika mishipa ya pafu la kulia. Na jambo moja linalosahaulika: hapa USIMWAMBIE avute pumzi kwa nguvu zote. Akivuta kwa nguvu damu isiyo na dawa kutoka tumboni inavutwa kwa wingi inaingia kwenye moyo, unapata mishipa iliyofifia katikati, daktari anaona kama donge au anasema picha haifai. Sema tu "pumua kawaida, sasa bana."

Jikoni: rikoni

Mgonjwa kashuka, anavaa shati, sasa kazi ya pili. Na hapa nakuomba usikimbie, maana ndipo nilipomkosea yule mzee.

Unene kwanza. Slaisi nene inachanganya vitu, kidoa cha milimita 4 ndani ya slaisi ya milimita 5 kinagawana rangi na hewa ya pembeni, kinafifia, kinaweza kupotea. Miongozo ya Fleischner ya 2017, ambayo madaktari wengi wanaitumia kufuatilia vidoa, inataka slaisi za milimita 1.5 au chini ya hapo, na ina mantiki, maana mstari wao wa kwanza wa maamuzi uko milimita 6, huwezi kupima milimita 6 kwa rula ya milimita 5. Nyembamba ina chenga zaidi, ndio, kutoka 5 kwenda 1.25 chenga zinakuwa mara mbili, lakini hizo unaweza kuzipunguza baadae kwa kuunganisha slaisi pale pale kwenye skrini. Nene huwezi kuichana iwe nyembamba.

Keneli ya pili. Keneli ni ule uamuzi wa picha iwe kali au laini. Kali, ile GE wanaita Lung na Siemens ya zamani B70f, inachonga kingo, inatoa mishipa midogo na ile nyavu nyavu ya kovu la mapafu. Laini, Standard au B31f, ni ya nyama na matezi. Ukitazama matezi kwenye kali utaona mchanga mtupu. Ila kosa baya zaidi ni kupima namba za Hounsfield kwenye kali. Ile kuchonga kingo inaongeza ung'aavu wa uongo kwenye kidoa kidogo, kinaonekana kina chokaa, daktari anatulia anasema ni kovu la zamani, kumbe sio. Kupima ni kwenye laini. Vile vile asilimia za mapafu yaliyoharibika na sigara, zile za kuhesabu chini ya -950, ukibadili keneli zinabadilika bila mgonjwa kubadilika, kwa hiyo anayefuatiliwa apikwe kwa keneli ile ile na unene ule ule kila akirudi.

Kwa hiyo mimi kila kifua kinatoka na seti tatu: nyembamba kali, nyembamba laini, na nene laini kwa ajili ya filamu na kwa madaktari wenye haraka. Weka kwenye protokoli mara moja zitoke zenyewe. Kwenye zile nyembamba ziache zipandane kidogo, slaisi ya 1.25 kila baada ya milimita 0.625 au 1, ukigeuza picha kwa mbele au kwa pembeni mifupa haitakuwa na ngazi ngazi.

FOV (upana wa eneo la picha) nayo iangalie. Picha ni vipande 512 kwa 512, ukiacha FOV milimita 500 kila kipande ni karibu milimita 1, ukibana mpaka 350 inakuwa 0.68. Bana kwenye kifua, usipike hewa ya chumba.

Halafu programu za kusafisha chenga, ASiR, SAFIRE, iDose na wenzake, na siku hizi za akili bandia. Ni nzuri kweli, zinakuruhusu kushusha mionzi. Lakini mkono ukizidi pafu linakuwa kama limepakwa mafuta, laini laini kama plastiki, na ule ukungu mwepesi au nyuzi nyembamba za kovu vinalainishwa navyo. Mimi nakaa katikati, kama asilimia 40 kwenye ASiR, kwenye keneli kali nashuka zaidi ya hapo. Kama mashine yako ina ngazi 1 mpaka 5 anzia 2 au 3 na muoneshe daktari wako zote mbili, yeye ndio anasoma.

Ukitafuta vidoa vidogo tengeneza na MIP (slaisi zilizounganishwa zikabakiza kinachong'aa zaidi) ya milimita 8 au 10, kidoa kinabaki nukta wakati mshipa unakuwa mstari, jicho linakamata haraka. Mgonjwa wa nyavu nyavu nyuma ya mapafu, kabla hujasema kovu, mlaze kifudifudi upige slaisi chache. Ikipotea ilikuwa uzito wa kulala tu.

Windo na kutuma

Windo ni sehemu ya namba za Hounsfield unayochagua kuonyesha kwenye skrini. Mapafu: upana 1500, katikati -600. Nyama ya kifua: 400 na 40. Mifupa: 2000 na 400 hivi. Donge la damu: panua mpaka 700 na 100, maana kwenye 400 dawa inang'aa mpaka inafunika donge dogo. Windo haibadilishi data, ni miwani tu unavaa na kuvua.

Inabadilika pale unapopiga picha ya skrini na kutuma WhatsApp. Jamani. Najua sote tunafanya, daktari yuko wilaya nyingine saa 8 usiku, intaneti ya kubahatisha. Lakini picha ya CT ina ngazi 4096 za rangi, ile uliyotuma ina 256 na zimeminywa tena njiani, na miwani imegandia usoni, ukituma windo ya mapafu hakuna anayeweza kuivua aone matezi. Kama lazima, tuma windo zote mbili, ficha jina la mgonjwa, na sema wazi kwamba ni ya kuangalia tu sio ya ripoti. Ripoti ni kwa DICOM, yale mafaili kamili ya mashine. Na CD unayochoma hakikisha ina zile nyembamba, sio zile nene peke yake, mimi nazifungua kwenye kompyuta nyingine kabla mgonjwa hajaondoka.

Picha imetoka mbaya, unaanzia wapi

Usikimbilie kurudia. Kwanza badili windo. Halafu angalia umefungua seti ipi, mara nyingi "chenga nyingi" ni mtu anatazama matezi kwenye keneli kali. Kama bado, rudi kwenye data ghafi upike upya, unene mkubwa kidogo, keneli laini. Mabega tu ndio yenye mistari, hiyo ni mionzi imeishia njiani, pika laini, muda mwingine inatosha. Mtikisiko, mikono chini, pumzi nusu, dawa iliyowahi au kuchelewa, hayo ni ya sokoni, hayapikiki. Hapo uliza kwanza daktari swali lake ni nini, pengine sehemu anayoitaka imetoka vizuri. Ikibidi kurudia, rudia sentimita 6 zilizoharibika sio kifua kizima.

Na kabla hujafunga zamu, ingia kwenye setingi za diski uone mashine yako inatunza data ghafi siku ngapi kabla ya kujifuta. Andika ile namba kwa maka peni kwenye karatasi, bandika juu ya monita. Yangu imeandikwa hivyo, na chini yake nimeandika "mabasi mawili", vijana wa field wananiuliza kila mwaka ni nini hiyo.